Mashine Inayomjua Mgeni

Kitale
3 Machi 2025

Sasa Levi,

Ni Gathoni. Gathoni wa Ngari, jirani yenu wa Saboti. Usijifanye hunikumbuki, bana. Nilikula ugali kwenu miaka yote ya shule ya msingi, na mama yako aliniita mgeni hata siku nilizokuja mara mbili.

Anwani yako nimepewa na dada yako Edinah. Alikuja kununua mbegu za mahindi kwa agroveti ninayouza hapa mjini, nikamtambua kwa sauti kabla sijainua macho. Nikamuuliza, "Levi yuko?" Akasema uko, uko nyumbani Mabanga, lakini alisema hivyo akiangalia magunia ya mbolea. Nikafikiri ana haraka.

Sasa sikia. Kuna mzee hapa anaitwa Munene, fundi wa redio na tivii. Ameanzisha shindano la mafumbo ya ile michezo ya tivii ya zamani, ile ya kaseti tulizokuwa tunapuliza vumbi ndiyo zikubali kushika. Mafumbo ni matatu, halafu fainali. Na mzee mwenyewe ni mkorofi! Mnaingia wawili wawili, na lazima mkae miji tofauti. Kila fumbo analikata nusu: nusu moja anakutumia wewe, nyingine mwenzako, kwa posta. Mnaandikiana barua kwa mkono mpaka mpate jibu. Simu hakuna. Mwishoni mnampa barua zote azisome, na akiona mmedanganya, mko nje. Ati simu zimefanya watu wajue majibu bila kujua maswali.

Zawadi ni mashine yenyewe ya michezo, padi zake mbili za kushika na kubonyeza, kaseti, na tivii ndogo ya betri. Kama ile yenu kabisa.

Nimeshaandikisha jina lako. Usinikasirikie. Mama alituacha Agosti mwaka jana. Tulikuwa tunaishi wawili tu, yeye na mimi. Siku hizi nikifunga duka narudi kwa nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa. Nakalia kiti cha plastiki cha wageni kwa sababu kile cha mama siwezi kukikalia, na nasikiliza friji. Nina upweke, Levi, wacha niseme tu. Nilipoona tangazo la Munene limebandikwa dirishani nilicheka peke yangu barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Nusu yangu ya fumbo la kwanza inasema: "Kaseti imeandikwa michezo tisini na tisa. Nani mwongo?" Yako inasema nini?

Mwenzako wa padi ya pili,
Gathoni


Mabanga, Bungoma
14 Machi 2025

Gathoni wa Ngari,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Pole kwa mama. Mama yako Wakiuru alikuwa mtu wa kucheka, na chapati zake zilikuwa kubwa kuliko sahani. Hakuna mtu aliniambia amekufa.

Sikukasirika. Ningekataa, lakini umeshaniandikisha, na wewe tangu zamani huombi ruhusa.

Nusu yangu imefika. Inasema: "Ondoa mapacha. Wamebaki wangapi?"

Si unakumbuka? Mwongo ni kaseti. Michezo ilikuwa tisa tu. Ikifika wa kumi, ni ule wa kwanza umerudi na jina lingine, labda yule mtu anaanza akiwa na bunduki. Tulizunguka tukidhani tuna michezo mia. Andika tisa.

Levi


Kitale
26 Machi 2025

Levi weee,

TUMEPATA! Munene amebandika majina dirishani, na letu liko. Wengi wameanguka, wengine waliandika tisini na nane ati wamepata ujanja.

Lakini mwandiko wako umepatwa na nini? Wewe uliyekuwa unaandika kama kitabu, mpaka Mwalimu Rahab anakupa ubao uandike tarehe! Sasa herufi zako zinapanda mlima na kushuka. Mtu wa posta hapa ameniuliza kama nimeandikiwa na mtoto wa nasari. Nikamwambia hapana, ni mwanaume mzima, tena anatoka Bungoma. Na mbona fupi hivyo? Mimi nakupa kurasa, wewe unanipa kipande. Huna habari? Huna mke, watoto, ng'ombe, kitu cha kuniambia?

Mzee Munene, ukifika hapa kwa kusoma, ruka. Haya hayakuhusu.

Fumbo la pili, nusu yangu: "Kifaru kinachobeba zawadi ni cha rangi gani?" Huo ni ule mchezo wa vifaru vya jeshi vinavyobomoa matofali. Jamaa wa duka la simu anasema hilo ni swali rahisi, ni chekundu, hata kwa intaneti iko. Nitume? Nimengoja nusu yako kwanza. Jibu haraka. Na andika ndefu.

Gathoni


Mabanga
9 Aprili 2025

Gathoni,

Usitume chekundu! Nusu yangu inasema: "Nyumba haina stima. Tivii inawashwa na betri ya gari."

Munene ni mjanja. Tivii ya betri ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kile kifaru tulikiona kinawaka na kuzima tu. Hakuna mtu wa Saboti aliwahi kuona wekundu wake. Jibu ni hakina rangi.

Kuhusu mwandiko, naandikia juu ya tangi la pikipiki. Siku hizi napeleka maziwa Kamukuywa, natoka mapema, nikipata mahali pa kusimama ndipo naandika. Barabara ikiwa mbaya herufi nazo zinakuwa mbaya. Mwambie huyo wa posta.

Mke nilikuwa naye. Alirudi kwao. Watoto hatukujaliwa. Ng'ombe iko moja, ya Edinah.

Hiyo ndiyo ndefu.

Levi


Kitale
25 Aprili 2025

Levi,

Hakina rangi! Tumebaki jozi chache sana, na karibu wote walioanguka waliandika chekundu. Munene aliniona nikisoma dirisha akatoka nje na bisibisi yake mkononi, akaniuliza, "Huyo mwenzako ni nani?" Nikamwambia ni mtu aliyenifundisha kila kitu. Akaguna, akarudi ndani.

Pole kuhusu mke. Ningekuwa karibu ningekupikia kitu, sijui hata nini. Naendelea kukuona ukisimamisha pikipiki pale Kamukuywa, mitungi ya maziwa nyuma, ukiandika jina langu. Inanifurahisha kujua kuna mtu mahali fulani ameshika kalamu kwa ajili yangu.

Fumbo la tatu nalijua, hili hata sihitaji wewe. Ni ule mchezo wa wanajeshi wawili msituni. Nusu yangu: "Mchezaji wa pili amemaliza roho zake zote. Anabonyeza kitufe, anarudi akiwa na roho moja. Ameitoa wapi?"

Jibu: amepewa na mashine, kwa sababu ni mgeni. Si wewe mwenyewe uliniambia? Mimi nilikuwa nakufa mapema kila siku, halafu nalia, halafu unasema, "Bonyeza hapo. Hii mashine inajua mgeni." Na kweli nikibonyeza narudi! Nilienda nikamwambia mama kwamba kwa kina Levi hata tivii ina adabu.

Kwani swali lina nini? Nitume?

Gathoni


Mabanga
12 Mei 2025

Gathoni,

Usitume.

Nusu yangu inasema: "Wa kwanza alikuwa na roho tatu. Sasa ana ngapi?"

Ana mbili.

Mashine haijui mgeni. Wa pili akiisha na abonyeze, inachukua kwa wa kwanza. Namba ilikuwa juu upande wangu, wewe ulikuwa unaangalia upande wako. Mama alisema mgeni haondoki kwetu akilia. Nyama ilikuwa inaanzia kwako, na chai pia. Sasa kwa mchezo ningefanya nini?

Andika hivyo: ameitoa kwa mwenzake.

Levi


Kitale
20 Mei 2025

Levi,

Nimeandika hivyo. Nimetuma. Halafu nimekaa chini.

Kwa hivyo ndiyo maana ulikuwa unaisha kabla yangu! Mimi nilikuwa nadhani unachoka. Ulikuwa unaweka padi chini, unakunja miguu, unanitazama nikicheza na kusema "ruka, ruka, lala chini," na mimi najiona bingwa. Nilijigamba shule nzima ati nimemshinda Levi. Ngai! Na wewe ulinyamaza.

Sijui kama nakushukuru au nakupiga makofi. Nimelia kidogo, halafu nimecheka, halafu nimelia tena, na hakuna mtu wa kuniuliza ni nini. Ndiyo nakuuliza wewe: mbona hukusema?

Sasa habari kubwa. Tumeingia fainali! Jozi tatu tu. Ni Jumamosi tarehe 28 Juni, dukani kwa Munene. Tunacheza huo huo wa wanajeshi wawili, watu wawili, padi mbili, kwa tivii ya betri. Atakayefika mbali kabla betri haijaisha ndiye mshindi. Levi, hatujawahi kuona mwisho wa huo mchezo! Kila mara picha ilikuwa inasinyaa kwenye lile lango la chuma, na baba yako anasema betri ipelekwe posho mili, kule kwa kinu cha unga, ikachajiwe.

Panda gari asubuhi, nitakungoja. Nitapika. Nimenunua sahani mpya, usicheke.

Gathoni


Mabanga
2 Juni 2025

Gathoni,

Sitakuja. Tafuta mtu mwingine wa fainali. Barua zetu mpe Munene, ziko sawa.

Nashukuru kwa yote.

Levi


Kitale
7 Juni 2025

Wewe Levi,

Tafuta mtu mwingine? Nimtoe wapi, nimpime kwa mizani kama mbegu?

Wacha nikuulize vizuri. Ni mimi nimekuchosha? Ni zile sahani? Nilipoandika nitapika, ukafikiri huyu mwanamke sasa anataka kitu? Basi sitapika. Kula hoteli. Au unaona aibu kuketi na mimi mbele ya watu, wewe mtu wa maziwa na pikipiki? Una haraka za kwenda wapi Jumamosi hiyo, Kamukuywa kutahama?

Sina haja na ile mashine, ujue. Nina tivii ya rangi hapa hata siiwashi. Nilikuwa nahesabu siku kwa barua zako. Ikipita wiki mbili naenda posta mtu wa huko anatikisa kichwa akiwa bado mbali, ananionea huruma. Fainali ikiisha nilijua utaacha kuandika, kwa sababu hakutakuwa na fumbo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Lakini uache kabla hata hatujaonana? Angalau niambie sababu. Hata ya uongo.

Mzee Munene, hii soma. Soma yote, uone mwenzangu alivyo.

Gathoni


Mabanga
13 Juni 2025

Dada Gathoni,

Salamu nyingi. Mimi ni Edinah, dada ya Levi. Barua yako ya mwisho amenipa nisome, halafu akatoka nje akakaa nyuma ya jiko. Hajui kama nakuandikia. Nikingoja akuambie yeye, mahindi yatapandwa na kuvunwa.

Levi alipata stroki mwaka juzi. Sasa anatembea, na fimbo, na anaongea vizuri. Lakini mkono wa kulia haukurudi. Unaning'inia tu. Barua zote hizo amekuandikia na wa kushoto, na moja inamchukua siku mbili au tatu. Ndiyo maana ni fupi. Analowa jasho, anachana, anaanza tena.

Hakuna pikipiki ya kupeleka maziwa. Iko, lakini imefunikwa gunia tangu augue, kuku wanataga juu yake. Kamukuywa hajaenda. Hatoki boma, ati watu wataangalia mkono. Mke wake aliondoka mambo yakiwa magumu, siwezi kumlaumu sana wala kumsifu.

Siku ile dukani nilitaka kukuambia. Nilishindwa kwa sababu ulikuwa unacheka ukimtaja, na hakuna mtu hucheka tena akimtaja Levi.

Nakuomba kitu kimoja. Usiache kumwandikia. Posta ikileta bahasha yako huwa ananyoa ndevu kwanza ndipo anaifungua.

Ni mimi,
Edinah


Kitale
17 Juni 2025

Levi,

Edinah ameniambia. Usimgombeze, au nitakuja hapo Mabanga nikugombeze mimi.

Nilikucheka mwandiko. Nilikuambia wa nasari. Pole. Pole sana, moyo unaniuma mpaka sasa. Lakini wewe nawe, eti tangi la pikipiki! Na nikaamini, mpaka nikaona mitungi.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Nimeenda kwa Munene nikamwomba nishike padi moja tu kidogo. Akaniangalia vile anaangaliaga watu, akanipa. Nikaishika. Levi, ile alama ya msalaba, ya kwenda mbele na nyuma na kulala chini, iko upande gani? KUSHOTO. Kulia ni vile vitufe viwili tu, vya kuruka na kupiga. Wewe ndiye ulikuwa unajua njia ya ule msitu wote, kila daraja na kila shimo. Mimi nilichoweza tangu zamani ni kubonyeza.

Basi tutashika padi moja wawili. Kidole gumba chako cha kushoto, kidole gumba changu cha kulia. Wewe unatembea, mimi napiga. Ukisema ruka, naruka. Na padi ya pili? Mwanajeshi wangu atalala chini ya lile jiwe la mwanzo, pale risasi hazifiki, na roho zake zote tatu. Wako akiisha, tunabonyeza, anachukua kwangu. Akiisha tena, anachukua tena.

Nimemuuliza Munene kama inaruhusiwa. Amepangusa bisibisi yake kwanza. Halafu akasema sheria ni watu wawili na padi mbili, na hajaandika popote kidole ni cha nani.

Watu wataangalia mkono, ndiyo. Wacha waangalie. Mimi nitakuwa nimeukalia karibu, hawatauona vizuri.

Nitakuwa stendi tangu asubuhi. Usipokuja nitaketi pale dukani peke yangu na padi mbili mbele ya watu wote, na aibu itakuwa yangu, si yako.

Gathoni


Mabanga
4 Julai 2025

Gathoni,

Hii naandika mezani. Mkono wa kushoto. Imenichukua tangu juzi, na sitafuti tena kisingizio.

Hii si ya Munene. Amemaliza na sisi. Yule kijana wa Eldoret na mwenzake walistahili, walicheza vizuri, wacha waende na mashine yao. Aliponirudishia bahasha ya barua zetu alisema sheria ni zibaki kwake, lakini kabati lake limejaa. Nilichungulia, Gathoni. Kabati lilikuwa na redio moja.

Pale dukani sikusema mengi, watu walikuwa wengi. Tulipoanza walicheka, watu wazima wawili kwa padi moja. Ulikasirika, nilisikia kwa bega lako. Mimi nilikuwa nangoja waangalie mkono. Halafu tukavuka daraja la kwanza na nikausahau. Tangu nilazwe sikuwa nimeusahau hata dakika moja.

Mwanajeshi wangu alipoisha, ulinyoosha mkono ukabonyeza bila kuuliza. Safari hii nilikuwa naangalia upande wako. Namba yako ikatoka tatu ikawa mbili. Halafu moja. Nilitaka kukutania, niseme hii mashine inajua mgeni, lakini shimo lilikuwa mbele, nikasema tu ruka. Uliniuliza mbona sikusema zamani. Ni kwa sababu ulikuwa umefurahi. Hakuna sababu nyingine.

Na lango la chuma likatokea, na picha ikaanza kusinyaa, vile vile. Wewe ukapiga kelele "Betri!" kama baba. Tulicheka mpaka machozi, watu wakadhani tunalia kwa kushindwa.

Sasa nimefika nyumbani, na Edinah amelala mapema, na pikipiki iko pale na kuku wake. Nyumba ni ile ile. Nilidhani nikirudi itakuwa nyepesi. Imekuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa najua ya kwako ilivyo. Nimeona kile kiti cha mama yako kimefunikwa kitambaa, na cha plastiki umenipa mimi, wewe ukala umesimama ukijifanya unaangalia sufuria. Nimelisikia friji.

Edinah anakuja Kitale Jumatano kununua dawa ya ng'ombe. Nitakuja naye. Hakuna fumbo, hakuna shindano, nakuja tu.

Usinitolee kile kiti cha wageni. Tutakaa chini, kwa sakafu, kama Saboti. Kukaa chini naweza mwenyewe. Kuinuka ndipo utanishika mkono, huo wa kulia.

Levi